Panga Langu na Migomba ya Kokutona

Vijana wa idara ya kilimo, siku mliponiaga mlinipa kiti cha kukunja, redio, na kazi. Kiti nakikalia, redio nimemwachia mke wangu, na kazi ndiyo hii. Mlitaka niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya ubwana shamba ili nanyi mnaoanza mpate pa kushika. Mbinu mtazikuta humu, msiwe na wasiwasi. Ila zimezungukwa na jambo moja ambalo sikulisema siku ile, mwenyekiti wa bustani ya mtaa aliposimama kunisifu na nyinyi mkapiga makofi. Mliniona nimeinamia viatu vyangu mkadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu.

Nilifika Karagwe nikitokea kwetu Muleba, cheti kwenye bahasha na mabuti ya mpira mapya yaliyonibana vidole. Mimi Mhaya, wenyeji wangu Wanyambo, na lugha zetu zinaelewana, lakini si kwa kila neno. Niliposema Kihaya waliniitikia kwa adabu, nilipogeuka walicheka. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba mkulima anasubiri utaalamu. Mkulima wa kwanza niliyemtembelea alikuwa anasubiri niondoke akamkamue ng'ombe wake.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Kaijage, bwana shamba aliyenitangulia, mtu mfupi, mkimya, mwenye baiskeli na panga lililofungwa kwenye kipande cha gunia. Wiki ya kwanza hakuniruhusu kusema lolote mbele ya watu. "Ukiingia kwenye kibanja cha mtu," aliniambia, "kizunguke kwanza. Kibanja ni nyumba yake, hata kama hakina paa." Kwa asiye wa huku, kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na ndani yake mna kahawa, maharage, na makaburi ya wazee. Mzee Kaijage ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuacha mama, mtoto na mjukuu kwenye kila shina, na kuyang'oa machipukizi mengine bila huruma. Ndiye aliyenifundisha kupogoa majani makavu kwa mkato mmoja wa kutoka chini kwenda juu. Na ndiye aliyenifundisha kwamba ukimaliza shina moja, unavunja jani la mgomba, unafuta panga pande zote mbili, ndipo unahamia shina la pili. "Panga lenye utomvu ni la mvivu," alisema.

Kila mtu alifanya hivyo, na bado wako wanaofanya. Mtazame mzee yeyote kwenye kibanja chake: anakata, anafuta kwa jani, anasogea. Inapendeza kuitazama. Nimemsamehe mzee Kaijage kwa hilo kabla hata sijaanza kuandika, kwa kuwa wakati wake ugonjwa wa mnyauko ulikuwa haujafika. Mimi ulinikuta.

Bustani ya mtaa hapa Kayanga ilianza kama shimo. Watu walichimba udongo wa matofali pale chini ya soko, wakaliacha, mvua na taka vikahamia. Akina mama wa mtaa waliomba walisawazishe walime, wakakubaliwa, nami nikaitwa niwe mlezi wao. Nilikwenda nikitegemea miezi mitatu ya maneno kisha magugu. Nilikuta wameshatoa taka kwa mabeseni na wanagombana kuhusu mahali pa kuweka lango.

Wengi walikuwa wapangaji. Mnaokaa mjini hamjui, lakini huku mtu asiye na kibanja ananunua kila kitu, hata jani la kufunikia sufuria. Walianza na mchicha, nyanya chungu na kabichi. Mwaka wa pili wakasema wanataka migomba. Mwenyekiti wao, Bi Zuhura, alipinga. Yeye ana duka la vitambaa na vyombo, babu yake alikuja huku kutoka Tanga kufanya biashara, na amezaliwa Kayanga hapa hapa, lakini Kiswahili chake kimebaki cha babu. "Ndizi zinauzwa sokoni, hatua ishirini kutoka hapa," alisema. "Mnataka kupanda kitu ambacho mnaweza kukitupia jiwe?" Wenzake wakamwambia shamba lisilo na mgomba ni uwanja wa mpira. Alishindwa kwa kura, kisha akadai apewe mashina manne katikati, mahali pazuri kuliko pote.

Mche wa mgomba kwetu hauuzwi, huombwa. Kila mmoja akaenda kuomba kwa anayemfahamu, wengi katika vibanja vya jirani ambavyo nilivijua. Wa mwisho kufika na miche yake alikuwa Kokutona. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni na kusomesha binti mmoja. Alikwenda mpaka kwao Kimuli, kwa mama yake mzazi, akarudi kwa bodaboda na miche mitano ya nshakara imefungwa kwa majani makavu nyuma yake. Nshakara ni ndizi ya kupika ambayo Mnyambo akiitaja hupunguza sauti. Sehemu nzuri zilikuwa zimeshachukuliwa, kwa hiyo alipanda langoni, panapokanyagwa na kila aingiaye.

Migomba ile ilishika kuliko yote. Mkungu wake wa kwanza hakuupeleka chumbani kwake. Aliupikia pale pale bustanini, kwa maharage, tukala kwenye majani tukiwa tumekaa kwenye matuta. Bi Zuhura alikula sahani mbili akasema chakula kinakosa nazi. Kokutona alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema mama yake alimwambia, nenda na hizi, ukizila huko utakuwa kama hujaondoka. Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu yake, na mdomo wangu ulikuwa umejaa.

Kisha likaja tangazo la mnyauko. Ugonjwa wenyewe mnaujua: majani yanageuka njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina madoa ya kutu, na ukikata shina linatoa usaha. Hauna dawa. Unakwenda na inzi kwenye ua la mkungu, na miche, na vifaa. Karatasi iliyoletwa ofisini ilikuwa na maagizo machache, na moja lilisema: "Safisha vifaa kabla ya kuhamia shina jingine." Niliipeleka bustanini nikawasomea. Bi Zuhura akanyoosha mkono.

"Kusafisha kwa nini, bwana shamba? Kwa maji, kwa sabuni, au kwa mate?"

Wakacheka. Nami nikacheka. Nikavunja jani la mgomba, nikafuta panga pande zote mbili, nikawaonyesha liking'aa. "Kusafisha ni hivi," nikasema. Nilijisikia vizuri, kwa kuwa nilikuwa nikifanya vile tangu siku za mzee Kaijage. Serikali ilikuwa imechelewa tu kuliandika. Swali lilikuwa la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini, nikalijibu kwa mzaha.

Muda mfupi baadaye nilipelekwa kwenye kijiji kilichokuwa kimeingiliwa na ugonjwa. Ilikuwa Alhamisi. Nilikata mashina tisa kuhakikisha, yote yakatoa usaha, nikafuta panga kwa jani kila mara, nikalifunga kwenye pikipiki. Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu yangu bustanini. Nikaanzia langoni kama kawaida yangu, nikapogoa migomba ya Kokutona, nikafuta, nikasogea kwa jirani yake, nikafuta, nikasogea. Nilipofika kwa Bi Zuhura alinizuia kama alivyonizuia siku zote. "Ya kwangu nitaikata mwenyewe. Wewe unakata majani kama unafukuza mtu." Nikairuka, nikaendelea hadi kwenye kijito kinachopita mwisho wa bustani. Yote haya yamo kwenye daftari langu la safari, kwa mwandiko wangu.

Baada ya wiki tano hivi, migomba ya Kokutona ikaanza kulegea.

Niliitisha mkutano. Nilikuwa na hofu ya kweli, maana mnyauko ukiingia kwenye bustani ndogo kama ile haubakizi kitu, na nilitaka kuonekana nimewahi. Nilikata ndizi moja ya Kokutona mbele ya watu, nikawaonyesha kutu ndani. Wengine walishika vinywa. Nikasema ugonjwa huu umekuja na miche. Nikauliza, nikiwa nafahamu jibu, ni nani aliyeleta miche kutoka mbali bila kukaguliwa. Hakuna aliyetaja jina. Waligeuka tu wakamtazama.

Kokutona alisimama. "Bwana shamba, kwa mama hakuna mgomba unaoumwa. Nimetoka kule mwezi uliopita."

"Mgonjwa huwa hajijui," nikamjibu.

Vijana, jibu lile niliona limenitoka vizuri. Watu waliguna kukubali. Nimelisikia tena kichwani mwangu mara nyingi kuliko sala ninazosali, na kila mara uso unanichoma kama nimesimama pale pale.

Utaratibu ulisema mwenye mgomba aung'oe mwenyewe chini ya usimamizi, aukatekate vipande, aufukie. Aling'oa mashina yote matano kwa jembe juani. Hakuwa na panga la kukatia vipande, nikamwazima langu. Alipomaliza alilifuta kwa jani, kama nilivyomfundisha, akanirudishia kwa mikono miwili. Jioni ile ile nikaandika barua kwa mwenzangu aliyekuwa akihudumia Kimuli. Nikasema chanzo cha ugonjwa ni kibanja cha mama yake fulani, na nashauri mashina yaliyotoa miche na yote yanayoyazunguka yafukiwe mara moja. Sikwenda kukiona kibanja hicho. Mzee Kaijage alikuwa ameshafariki, lakini najua angeniuliza kama nimekizunguka.

Ugonjwa haukukoma. Uliendelea kwa majirani wa Kokutona, shina baada ya shina, kufuata mstari kuelekea kwenye kijito. Nilisema ni udongo, umeambukizwa kutoka langoni. Watu wakaliita gonjwa lile mnyauko wa Kokutona. Mwanamke mmoja akaomba tuta lake la mboga lihamishwe mbali na la Kokutona, mwingine akakataa kupokea mbegu za mchicha mikononi mwake, wakisema mkono wake una mnyauko. Hilo sikulisema mimi. Lakini nilikuwepo, nikasikia, nikaendelea kupima nafasi za kabichi. Mashina manne ya Bi Zuhura, katikati ya mstari ule wote uliokufa, yalibaki mabichi. Ikasemwa amefukia kombe la kipwani, dawa ya uchawi ya kulinda mali. Aliposikia alisema kama angekuwa na kombe la namna hiyo angelifukia dukani, panya wamemmalizia vitenge.

Mwisho wa muhula wa shule Kokutona alihamia Nkwenda na binti yake. Alipita bustanini kukabidhi jembe la kikundi. Mimi nilikuwepo. Alisema, "Kwaheri, bwana shamba, mnisamehe kwa usumbufu." Nikamwambia asijali.

Mwaka uliofuata tuliitwa kwenye mafunzo. Mkufunzi alikuwa dada mdogo kuliko wengi wetu, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo ilitulazimisha kunyamaza. Aliuliza, "Nani kati yenu akimaliza kukata mgomba anafuta panga kwa jani?" Ukumbi mzima tukanyoosha mikono, tukitabasamu, maana tulijua tunakwenda kusifiwa. Alituangalia kidogo. Akasema, "Basi inzi mkubwa kuliko wote ni bwana shamba." Akaeleza kwamba jani halisafishi, linapaka. Panga lipite motoni mpaka uogope kuligusa, au lioshwe kwa jik, kwa kila shina, bila kuruka. Tena ua la mwisho wa mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda, lisikatwe kwa kisu. Andikeni hayo hata kama hamtaandika kingine chochote kutoka kwangu.

Nilirudi nikafungua daftari. Alhamisi, kijijini, mashina tisa, usaha. Ijumaa, bustani, kupogoa kuanzia langoni. Nikachora mstari wa migomba kwenye karatasi, nikaandika tarehe kila shina lilipoanza kuumwa. Ilikuwa njia yangu mwenyewe, hatua kwa hatua, kutoka lango hadi kijito. Na pale nilipokatazwa kugusa, palikuwa pazima. Miche ya Kokutona ilikuwa imezaa na kuzaa tena ikiwa mizima kabisa. Iliumwa kwanza kwa sababu ilikuwa ya kwanza kukutana na mimi.

Hapo ndipo ningepaswa kupanda pikipiki kwenda Nkwenda. Sikwenda. Niliichana ile karatasi. Nilijiambia kwamba nikisema, wakulima hawatamwamini bwana shamba yeyote tena, na mnyauko utaishinda wilaya. Ni sababu nzuri, na mtu akiitoa mbele ya kamati hupigiwa makofi. Ya kweli ilikuwa ndogo zaidi: niliogopa sura ya Bi Zuhura.

Basi nikaleta jiko la mkaa bustanini, nikasema ni utaratibu mpya. Tukawa tunachoma mapanga, tukapanda upya, ugonjwa ukaisha. Wageni wakawa wanaletwa kuona bustani ya mjini iliyoshinda mnyauko, nami nikiwaeleza kila hatua isipokuwa ile ya kwanza. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikisifiwa kwa kuzima moto niliouwasha. Mara mbili nilimwona Kokutona kwenye soko la Nkwenda, nikavuka upande wa pili kana kwamba nimeitwa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na sherehe ya kustaafu, pale Bi Zuhura aliposimama na kusema, "Huyu alitulinda hata tulipoletewa ugonjwa na mwenzetu." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anarudia nilichomfundisha.

Wiki iliyofuata nilikwenda bustanini siku ya kikundi, nikawaambia yote nikiwa nimesimama, daftari mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Mmoja akasema, "Bwana shamba, hayo ni ya zamani." Mwingine akasema, "Hukujua, Mungu anajua hukujua." Wakaanza kunitafutia soda. Nakiri kwamba kwa kitambo nilipata nafuu, na nafuu ile nayo naionea aibu.

Bi Zuhura hakutafuta soda. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananitazama.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo mimi nilikuwa mchawi, na wewe ulikuwa afisa," alisema.

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Nasi tulikufungulia lango." Akawageukia wenzake. "Msimwambie hakujua. Hakujua mwaka mmoja. Hiyo mingine yote alikuwa anajua." Kisha akaniuliza kama nimeshamwambia Kokutona. Nikasema bado. "Basi umekosea nyumba," akasema. "Sisi hatukung'olewa kitu." Akanyanyuka, akaenda kumwagilia.

Kesho yake nikapanda gari la Nkwenda. Sikupata shida ya kuuliza. Ana mgahawa wa mabati karibu na pale malori yanapopakia ndizi, na kila mpakiaji anakula kwake. Amenenepa kidogo, ana miwani. Aliponiona alijifuta mikono akainama kidogo, kama binti wa huku alivyolelewa.

"Shikamoo, bwana shamba."

 Badala ya marahaba nilisema, "Kokutona, nimekuja na jambo baya." Akaniwekea kiti, akaniletea ndizi na maharage kabla sijaanza, maana mgeni hasemi na njaa. Niliziangalia ndizi zile. Nikamuuliza kama ni za kwake.

"Nanunua," alisema. "Sijapanda mgomba tangu Kayanga."

"Nkwenda hii? Kila mtu ana migomba."

"Kila mtu ana mkono wake." Alisema bila uchungu, kama mtu anavyosema hali ya hewa. "Binti yangu alipoolewa alikuja kuniomba miche, aanzishe kibanja chake. Nikamwambia akaombe kwa mama mkwe. Alilia. Watu walisema mama gani huyu. Lakini ningempa nini, nimpe ugonjwa?"

Nikamwambia. Niliongea upesi, nikamwonyesha daftari, Alhamisi na Ijumaa, nikamwambia habari za jani na moto, na kwamba nilijua tangu mwaka uliofuata. Nikasema mkono wake hauna kitu na haujawahi kuwa na kitu. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua kitambaa cha meza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Na kibanja cha mama kilikuwa na nini?"

Nikasema hakikuwa na kitu.

 Malori yalikuwa yakipakia nje na watu wanahesabu mikungu kwa sauti. Kisha akavua aproni, akamwita mwanamke anayemsaidia, akamwambia aangalie jiko. "Twende Kimuli," akaniambia. "Kaka yangu hajasema na mimi tangu walipozika mama. Anasema nilileta barua iliyoua kibanja. Utamwambia wewe, mimi hataniamini."

Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Njiani nilijaribu kupanga maneno, nikashindwa, maana kila sentensi niliyoipanga ilianza na "sikujua." Kaka yake, Ta Gration, "Ta" ikiwa heshima ya mwanamume mzima huku kwetu, ni mzee wa umri wangu, mrefu, anayetembelea fimbo. Mbele ya nyumba, palipokuwa na migomba ya mama yao, pana mihogo. Alipomwona dada yake hakusema neno. Aliponiona mimi aliuliza kwa Kinyambo ni nani huyu, na Kokutona akamjibu kwa neno moja, la Kiswahili: "Bwana shamba."

Safari hii sikukaa. Kabla ya kufungua mdomo nilikizunguka kibanja chote, polepole, mpaka nikarudi mlangoni. Ta Gration alinitazama nikifanya hivyo, hakunizuia. Kisha nikasema mbele yao wote wawili kwamba migomba ya mama yao ilikuwa mizima, kwamba ugonjwa niliuleta mimi kwa panga langu, kwamba nikaandika barua ile bila kufika, na kwamba dada yake hakuwa na kosa lolote, wakati ule wala baadaye. Nikasema nimekaa kimya kwa sababu ya aibu, na kwamba sina kingine cha kujitetea.

Ta Gration aliegemeza fimbo ukutani. Kwanza alimgeukia Kokutona, akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo sitaliandika hapa, akamwambia aketi. Kokutona akaketi kwenye kizingiti na kujifunika uso kwa kitenge. Ndipo mzee akasema na mimi, kwa Kiswahili cha taratibu, akitafuta kila neno.

"Barua yako ilipofika, mama alitoka akazunguka kila shina. Alikata jani, akalinusa. Alikata ndizi, akaila mbichi mbele yangu. Akaniambia, Gration, hizi haziumwi. Nimeishi nazo tangu nilipoletwa hapa, ningejua. Nikamwambia, mama, bwana shamba amesoma. Nikamshika mkono nikamwingiza ndani, nikazing'oa mwenyewe."

 Nilidhani amemaliza, nikaanza kuomba msamaha tena. Akainua mkono kunizuia.

"Wewe umepata mtu wa kumwambia kosa lako," alisema. "La kwangu nitamwambia nani?"